Njia Inayopita kwa Mwenye Mashine

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya kuandika hatua, si mambo ya moyoni. Hatua mia sita na kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni hadi mwisho wa kichochoro cha minyaa. Basi, hiyo ndiyo kazi ya leo. Lakini kurasa ni nyingi na sina wa kupiga naye soga zaidi ya mtu mmoja, kwa hiyo nitachanganya.

Miaka thelathini na moja nilichora ramani katika ofisi ya ardhi mjini. Nimechora milima ambayo sikuwahi kuipanda na mito ambamo sikuwahi hata kunawa miguu. Nilipostaafu, mume wangu akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nikahamia huku kwao, kwenye nyumba aliyoiacha bila dari. Jirani yangu ni dada yake, wifi yangu, mfuga nyuki. Ana miaka sitini na sita na anatembea kama mtu anayefukuzwa.

Asubuhi tumekuta tangazo mlangoni mwa duka. Ofisi ya wilaya inaandikisha upya njia zote za umma. Njia ambayo haitaandikishwa ifikapo tarehe thelathini Septemba itahesabiwa kuwa sehemu ya shamba inamopita, na mwenye shamba ana haki ya kuiziba. Nilimsomea wifi neno kwa neno. Alisikiliza mikono kiunoni.

"Na yangu?"

"Yako ipi?"

"Ya msituni, wifi. Inayopita kwa Mwenye Mashine."

Mwenye Mashine ndiye mwenye kinu cha kusaga, na shamba lake linaanzia kichochoro kinapoishia hadi ukingo wa msitu. Mizinga kumi na minne ya wifi iko ndani ya msitu huo. Bila njia ile itambidi azunguke kwa barabara kuu, kutwa nzima kwenda na kurudi, na miguu yake haiwezi tena hilo ingawa mdomo wake unasema inaweza. Na wiki iliyopita Mwenye Mashine alishusha nguzo za uzio. Nimezihesabu nikipita. Mia mbili.

Nikamwambia wifi nitaichora njia yake. Akasema, "Haya, tuone kama ulikuwa unafanya kazi huko au ulikuwa unakaa."

Jumatano, 5 Juni

Kupima kwa hatua ni kazi ya mtu mkimya. Kila hatua mia moja ninahamisha kokoto kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto. Wifi si mtu mkimya. Nilipofika mia moja themanini na tatu alianza habari za kisima kilichoporomoka. Nilipofika mia mbili na kitu akaniuliza kama marehemu kaka yake aliendelea kukoroma baada ya kuoa.

"Wifi, nahesabu."

"We hesabu tu, mimi nakuuliza."

Nimerudi mwanzo mara tatu. Mara ya nne nikamwomba atangulie mbali. Akatangulia, halafu akawa ananisemesha kwa kupaza sauti.

Aliendelea kukoroma, kama kuna atakayesoma daftari hili.

Ijumaa, 7 Juni

Goti limeninunia. Sikutoka.

Jumamosi, 15 Juni

Leo tumefika hadi kwenye mawe. Nataka kuandika yote kabla sijaanza kuyapamba.

Ukitoka kwenye kichochoro cha minyaa unapita kando ya shamba la Mwenye Mashine, kwenye mabua makavu yanayokukwaruza vifundo vya miguu. Unavuka korongo ambalo sasa ni mchanga mtupu. Kisha unafika kwenye mkuyu mkubwa, na hapo msitu unaanza ghafla. Jua linabaki nje. Hewa inapoa, sauti ya mashine ya kusaga inakatika, na unaanza kusikia vitu vidogo: jani linalodondoka, mbega wanaovunja vijiti juu na kukutupia kama vile uliwakosea.

Wifi ana jina la kila mahali. Pa Kupumua. Kwa Mzembe. Alipoangukia Shangazi. Nilimweleza kwamba ramani ya serikali haiwezi kuandikwa "Alipoangukia Shangazi."

"Kwa nini? Kwani hakuanguka?"

Mizinga yake imetundikwa juu ya mivule, na kutoka kwenye mzinga wa mwisho ni hatua mia tatu na tano hadi kwenye magofu. Ukuta wa mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, mrefu kunipita, mizizi imeukumbatia pande zote. Mlango ni mmoja na ni mfupi, ukitaka kuingia sharti uiname. Kizingiti chake kimelika katikati kwa nyayo za watu. Ndani kuna vyumba vya mviringo visivyo na paa, vimeota nyasi laini, na jiwe moja kubwa lililochongwa shimo, labda la kutwangia. Hakuna anayejua ni la miaka mingapi.

"Nani walijenga?" nilimuuliza wifi.

"Watu."

"Watu gani?"

"Waliokuwa na muda."

Niseme jambo hapa. Magofu haya niliwahi kuyachora. Mwaka wangu wa tano kazini nilinakili karatasi ya eneo hili kutoka kwenye ramani kuukuu, nikaweka kijiraba, yaani mraba mdogo, na neno "magofu", huku nikitafuna karanga. Sikujiuliza chochote. Leo nimekaa kwenye kile kizingiti, makalio yangu mahali zilipokanyaga nyayo za watu wote hao. Katika ramani yangu kijiraba kile kilikuwa peke yake porini, hakuna mstari hata mmoja unaokifikia. Nilikichora kama kitu kisichokwendewa na mtu.

Wifi aliniona nikipangusa macho. Akasema ni vumbi, na kweli palikuwa na vumbi kidogo.

Jumanne, 18 Juni

Jumla kutoka kichochoroni hadi kwenye mawe: hatua elfu nne mia moja na tisini. Nimepima mara mbili, zimepishana kwa hatua kumi na moja. Nimejipongeza kwa chai.

Jumanne, 9 Julai

Nimepeleka mahindi kusaga, na ukweli ni kwamba nilikwenda kumchunguza Mwenye Mashine. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alitoka ndani ya banda mweupe pe kwa unga, hadi kope.

"Karibu, shemeji. Nasikia unanipima shamba."

"Napima njia tu, shemeji."

"Njia ipo kwangu. Kwa hiyo unapima kwangu."

Kisha akanitolea kiti na kunieleza bila ukali. Mbuzi wa watu wanaingilia pale pale watu wanapopita. Mwaka jana walimmalizia mahindi yote ya upande wa korongo. Ameongea na wenye mbuzi hadi mate yamemkauka. Sasa anaweka uzio, mwanzo hadi mwisho, basi.

"Na wifi yangu?"

"Wifi yako nimekua naye. Atazunguka kwa barabara. Hata akiamua kukasirika, hasira zake nazijua tangu ana meno ya utoto."

Nilirudi na unga na bila chuki niliyoitaka. Ingenisaidia sana.

Jumatano, 10 Julai

Wifi ameniuliza alisema nini. Nilipofika kwenye meno ya utoto akakasirika.

Jumapili, 21 Julai

Upepo, vumbi, upepo. Karatasi zangu zote nimezilaza chini ya mawe ya jikoni.

Alhamisi, 1 Agosti

Ofisini wilayani wamenipa fomu. Inataka ramani, na mashahidi wawili ambao wameitumia njia kwa miaka ishirini au zaidi, mchana kweupe, bila kuomba ruhusa ya mtu. Ushahidi wanauchukua mmoja mmoja. Shahidi wa kwanza ni wifi. Wa pili nimempata leo: Fundi Baiskeli. Kumbe huyu bwana ana wakwe ng'ambo ya msitu, na kila Jumapili kwa miaka ishirini na minne amepita njia hiyo kwenda ukweni.

"Kila Jumapili?" nilishangaa.

"Mama, humjui mama mkwe wangu."

Jumamosi, 17 Agosti

Wifi amerina asali. Nimebeba ndoo, yeye kabeba kopo la moshi. Nimeumwa mara mbili shingoni, yeye hakuumwa. Anasema nyuki wamenusa ofisi.

Nilimtazama akiwa juu ya ngazi, nikamwona jinsi anavyopumzika kabla ya kila kidato na kujifanya anaangalia majani. Nilipokuja hapa nilidhani ni mkaidi tu. Sasa naona kwamba mizinga hii ndiyo inayomwamsha asubuhi. Asipokuja huku atakaa kwenye kigoda chake na kuzeeka katika wiki moja. Hilo limenitia hofu kuliko nilivyotarajia.

Jumanne, 27 Agosti

Nguzo za kwanza za uzio zimesimama. Kumi na tisa.

Jumatatu, 9 Septemba

Kesho ni ushahidi. Mchana nimewaketisha mashahidi wangu barazani, nikawapa somo. Niliwaambia karani ni mtu wa sheria, anataka kuona watu wa heshima, si wavamizi. "Mwelezeni mnavyopita kwa adabu. Asije akadhani mnavuruga shamba la mtu."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Wifi akasema adabu yeye hahitaji kufundishwa, alizaliwa nayo.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeharibu. Naandika polepole ili nione nilivyoharibu.

Chumba cha karani kina meza mbili zilizounganishwa, pangaboi lenye bawa moja lililofungwa waya, na mafaili juu ya kila kiti isipokuwa kimoja. Karani ni binti wa miaka thelathini hivi, mpole, anaandika kwa mwandiko mzuri. Alitusabahi vizuri, shikamoo kwa kila mmoja, kisha akatuomba tutoke aanze na wifi. Mlango wenyewe ni wa mbao nyembamba. Nilisikia kila kitu.

"Mama, umepita njia hii kwa muda gani?"

"Miaka arobaini na miwili."

"Umewahi kukatazwa?"

"Nikatazwe kwa lipi? Mimi ni mtu mwenye adabu zangu. Sijawahi kupita pale bila kupiga hodi. Hata siku moja!"

Nami nje pale kwenye benchi, mwanamke niliyesoma, nikatabasamu! Nikamgusa Fundi kiwiko, kumaanisha umesikia, fanya hivyo hivyo. Fundi, ambaye alikuwa amevaa koti lake la ukweni, akaingia na kutangaza kwamba yeye hupiga hodi mara mbili.

Kisha karani akaniita. Hakuwa na furaha usoni.

"Mama, fomu inasema bila kuomba ruhusa. Mashahidi wako wote wawili wanaomba ruhusa kila wakipita."

"Nani kaomba ruhusa? Wamepiga hodi."

"Na mwenye shamba akisikia hodi anajibu nini?"

"Anajibu karibu."

"Basi ameruhusu. Na anayeruhusu anaweza kukataa. Njia ya umma ni ile ambayo mtu anapita kwa haki, mwenye shamba apende asipende."

Akaandika mbele yangu, kwa mwandiko wake mzuri: *Kwa ruhusa*. Njia ya ruhusa, kwenye ramani, unaichora kwa nukta nukta, ya umma kwa mstari kamili. Mwenye shamba akitaka, nukta zinafutwa. Mstari kamili haufutwi.

Nilipoisoma fomu mwezi uliopita, neno ruhusa lilinijia kama barua, mhuri na sahihi. Hodi haikunipitia akilini. Nani angeifikiria? Ni kama kufikiria kupumua. Na mimi ndiye niliyewaambia waoneshe adabu.

Tumerudi watu watatu. Fundi alivua koti akalibeba.

Jumatano, 11 Septemba

Leo nimeongeza kosa juu ya kosa. Nimekwenda kwa wifi asubuhi, nikamwambia karani anaweza kuchukua ushahidi upya. Aseme tu kwamba alisema kwa mazoea, kwamba mara nyingi hupita kimya.

Alikuwa anachuja asali. Akaweka chujio chini.

"Unataka niseme napita kwa watu kama mwizi?"

"Nataka uendelee kupita, wifi."

"Miaka arobaini na miwili, wifi. Nimepiga hodi pale nikiwa na mimba, nikiwa na msiba, nikiwa na homa. Leo nikane ili nipate mstari?" Akachukua chujio. "Kaka yangu asingeniambia hivyo."

Lililoniuma ni kwamba ni kweli. Asingemwambia.

Alhamisi, 12 Septemba

Hatusemeshani.

Ijumaa, 13 Septemba

Nguzo themanini na saba.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri tu. Nilipofika mlangoni yote yakanitoka, nikasema, "Wifi, nilikosea. Ulisema kweli na mimi nikakuomba uongo."

Aliendelea kumenya viazi kidogo.

"Umekula?" akauliza.

Sikuwa nimekula.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeisoma fomu mara ya tano, safari hii hadi nyuma, kwenye maandishi madogo ambayo maisha yangu yote nimewalaumu watu kwa kutoyasoma. Mwombaji asiyeridhika anaweza kumwomba karani afike aione njia kwa macho yake, mwenye shamba naye awepo. Sina hoja mpya. Nina matumaini tu kwamba mtu akiingia msitu ule hawezi kutoka na moyo ule ule. Nimeandika barua na kuipeleka mwenyewe.

Binti yangu kapiga simu kutoka mjini, ananiuliza nitarudi lini. Nimemwambia nina kazi.

Alhamisi, 19 Septemba

Karani atakuja Jumanne. Mawingu mashariki, lakini hayajakomaa.

Jumanne, 24 Septemba

Sikumfundisha mtu neno hata moja. Hilo nililiapia.

Karani alifika saa tatu na viatu vya ofisini. Wifi alimtazama miguu, akaingia ndani, akatoka na ndara zake. "Vaa hizi, mwanangu, vile utavizika huko." Mwenye Mashine alitukuta mwisho wa kichochoro, kofia kichwani, amekung'uta unga wote. Tukaanza: wifi mbele, karani, mimi na kokoto zangu za mazoea, Mwenye Mashine nyuma.

Kwenye nguzo ya kwanza ya shamba wifi akapaza sauti, "Hodi wenye shamba!" wala hakupunguza mwendo. Na nyuma yangu, hatua tatu, Mwenye Mashine akajibu, "Karibu!"

Karani akasimama, akafungua faili.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu," Mwenye Mashine akasema. "Kapiga hodi, nimemkaribisha. Ndiyo ruhusa hiyo."

Wifi aligeuka akamtazama kwa jicho ambalo lingegandisha maziwa. Nilikuwa nimemleta karani kilomita zote hizo aje kusikia kwa masikio yake kile alichokwisha kuandika. Akaandika tena. Tukaendelea kwa sababu tulishaanza.

Msituni karani alipunguza mwendo. Alikuwa akigeuza shingo kila upande. Mbega walipomtupia vijiti alicheka kwa sauti, kisha akajikumbuka. Akamuuliza wifi mahali pale panaitwaje, wifi akasema, "Hapa? Hapa ndipo Alipoangukia Shangazi." Nikamwona karani analiandika jina lile kwenye faili ya serikali, bila hata kuuliza alikuwa shangazi wa nani.

Mwenye Mashine alinisogelea. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hajafika huku tangu hajaoa, mashine imemfunga kama mbuzi kwenye kamba. Tulipotokea kwenye ukuta wa mawe akasimama. Kisha akatupita sote, mimi, karani na wifi, kama mtu aliyeitwa. Mbele ya ule mlango mfupi akavua kofia, akaweka kiganja juu ya jiwe, akainama.

"Hodi," akasema, wala si kwa sauti kubwa. Akaingia.

Tulibaki nje wanawake watatu. Hakuna aliyejibu, bila shaka. Hapo hapajajibiwa hodi kwa miaka ambayo hata sisi wa ramani hatuijui. Karani alikuwa ameinua kalamu na kuisahau hewani.

"Mzee," akaita.

"Naam."

"Samahani. Hapo umemwomba nani ruhusa?"

"Sijamwomba mtu. Hapa si kwa mtu."

"Sasa mbona umepiga hodi?"

"Kwa hiyo niingie tu, mwanangu? Kama mbuzi?"

Wifi akajiziba mdomo kwa mkono. Mimi nilianza kuhesabu, ndiyo tabia yangu nikiogopa. Nilifika kumi na nne ndipo alipotoka, ameinama, kofia mkononi. Aliponyooka nikaona amekwisha kuelewa. Angeweza kuikana hodi yake. Angeweza kusema ni mazoea ya uzee, nasi tusingekuwa na la kumjibu. Alimtazama wifi, akatazama faili, halafu tumbo likaanza kumtikisika. Alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Andika," akamwambia karani. "Andika hivyo hivyo nilivyosema."

"Mzee, unajua nikiandika hivyo…"

"Najua. Mimi hata kwangu napiga hodi nikirudi, na hati ya nyumba ina jina langu. Huyu hajawahi kusubiri nimjibu. Siku nyingi mimi niko kinuni, namjibu nani? Andika, mwanangu. Uzio nitauachia nafasi. Mbuzi nitajua la kuwafanya."

Hapo nikapata sauti. Nikamchorea mchangani mlango wa nguzo tatu wenye kona katikati, mtu anajipinda anapita, mbuzi hapiti. Alichuchumaa akauchunguza, akauliza upana, akautaka kwenye karatasi.

"Lakini usidhani umenishinda," akamwambia wifi tulipoanza kurudi.

"Mimi? Wala. Umeshindwa na mdomo wako mwenyewe."

Karani aliondoka na ndara za wifi miguuni. Hakuahidi kitu. Alisema atapeleka kwa mkubwa wake.

Jumatano, 25 Septemba

Nimefagia nyumba mara mbili. Haikuwa chafu.

Alhamisi, 26 Septemba

Barua. *Njia ya umma, ipitwayo kwa haki. Hodi ya wapitaji ni salamu.* Mhuri na sahihi. Ramani ya mwisho iliyopigwa wino ifike ofisini Jumatatu.

Nimekimbia hadi kwa wifi. Goti hili hili nililolisema vibaya mwezi wa sita, nimekimbia nalo. Nilipomsomea aliniambia nirudie, nikarudia. Akaniambia nirudie tena, ile sehemu ya hodi. Kisha akakaa kwenye kigoda akalia waziwazi, mikono ikiwa na nta, nami nikakaa chini kando yake nikalia pia. Leo hatukusingizia vumbi.

Jumamosi, 28 Septemba

Asubuhi tulivu, hakuna upepo, siku ya wino. Nimelaza karatasi mezani karibu na dirisha. Kichochoro cha minyaa, korongo, mkuyu, mizinga. Nimeandika majina yote, na Shangazi yumo, kwa herufi ndogo za mlalo tulizokuwa tukiziweka kwenye vilele vya milima. Njia ilikuwa bado nukta za penseli. Niliiacha ya mwisho.

Wifi alikuja na kusimama nyuma yangu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue bila kusema neno. Nikapiga mstari kutoka kichochoroni, nikapita kwa Mwenye Mashine bila kuinua kalamu, nikaingia msituni. Kwenye mzinga wa mwisho nikasimama. Zilibaki hatua mia tatu na tano. Nikamnyooshea kalamu.

"We! Mimi? Mkono wangu ni wa moshi huu."

"Wifi, mimi njia hii nina miezi minne nayo. Wewe una miaka arobaini na miwili. Kaa."

Akakaa. Alishika kalamu kama anashika mkia wa kitu kinachouma. Akaanza kwenda, taratibu, ulimi nje kidogo, akipinda pale inapopinda kweli, hata mahali ambapo penseli yangu ilikuwa imekosea. Alipofika kwenye kijiraba cha magofu hakujua jinsi ya kuinua kalamu. Aliishikilia pale pale, na wino ukatoka, likaota doa jeusi la ukubwa wa punje ya mtama, mlangoni kabisa.

"Basi nimekuharibia," akasema, na sauti ikamkatika.

Miaka thelathini na moja nimewarudishia vijana karatasi zao kwa madoa madogo kuliko hilo. Waanze upya, wote, bila huruma. Nilichukua karatasi nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikaitazama sana. Wembe wa kukwangulia wino ulikuwa hapo hapo mkononi mwangu.

Nikaurudisha sandukuni. Doa litakwenda wilayani kama lilivyo.